Mji wa Kugonga Kuta

Watu wanaoandika habari za simu na vifaa mtandaoni wana ugomvi wao, na ukiutazama kwa mbali utadhani wanagombea shamba la urithi. Mmoja akisema simu fulani inatunza chaji, mwenzake atasema haitunzi hata kidogo. Mmoja akianzisha blogu yenye jina tamu, kabla mwezi haujaandama zimeshaota nyingine zenye majina yanayofanana nalo, na kila mwenye nalo anaapa kwamba aliliwaza yeye kwanza, tena akiwa bafuni. Kwa kawaida mambo haya huishia kwenye vijembe, watu wakacheka, kesho wakasahau. Lakini ugomvi wa Mwajabu Semkiwa na Abihudi Mbughuni haukuishia hapo. Ulifika kwa wakili, na mchana ule Mwajabu alipoota ndoto yake, lilikuwa limebaki neno moja tu kutoka kwake ili mwenzake afungiwe blogu yake.

Mwajabu alikuwa mtu wa Kihonda, Morogoro, mwenye blogu ya Kifaa Mkononi. Kwa habari za vifaa, hakuna iliyosomwa kuliko hiyo, na jina lake alikuwa amelisajili kuwa alama ya biashara. Abihudi, wa mji huohuo, alikuwa na blogu ndogo iitwayo Kifaa Kiganjani. Mwajabu alikuwa akilicheka jina hilo kwa muda mrefu, akisema mwenye njaa hunusa jiko la jirani, mwacheni anuse. Kilichoharibu mambo ni pawabenki, kile kibetri cha akiba cha kuchajia simu, aina iliyoitwa Nguvuna. Kampuni ilimletea Mwajabu moja bure, ndani ya boksi zuri lenye utepe. Katika kazi yao anayechelewa hupata makombo, kwa hiyo hakungoja. Alisoma sifa zilizoandikwa ubavuni mwa boksi, akalipiga picha upande huu na upande ule, nailoni yake ikiwa haijachanwa, kisha akaandika kwamba ameitumia wiki nzima na roho yake imetulia. Alijiambia kwamba wote hufanya hivyo, na kusema kweli wengi hufanya.

Abihudi yeye aliinunua dukani. Akaitumia mpaka ikavimba, akaipeleka uani, akaifungua kwa bisibisi. Ndani akakuta kibetri kikuukuu kilichochakaa na bonge la saruji lililotiwa ili kuongeza uzito. Akaandika yote hayo na picha juu, akaonya kwamba kitu hiki kinaweza kuwaka moto, na mwisho akamalizia kwamba dada Mwajabu hakuifungua, na kama aliifungua basi aseme aliona nini. Wasomaji wa Mwajabu walimvamia kama siafu. Wakamwita mwivu, mwigaji, mtu wa kudandia majina ya wenzake. Hakuna aliyemwamini. Lakini Mwajabu hakupata raha na utetezi ule, kwa sababu kinachochoma zaidi ya tusi ni ukweli unaotoka kwa mtu usiyempenda.

Ndipo alipokwenda kwa Wakili Kaanaeli, mama mmoja mtaratibu, asiyepoteza maneno. Wakili alimweleza kwamba akishtaki kwa kuchafuliwa, Abihudi ataleta bonge lake la saruji na kuliweka mezani mbele ya watu. Lakini ipo njia nyingine. Majina yanafanana, na la Mwajabu ndilo lililosajiliwa. Wale wanaohifadhi blogu ya Abihudi kwenye mitambo yao hawatauliza nani kasema kweli kuhusu betri, watauliza jina ni la nani. Lalamiko moja tu, na blogu yote inashuka, habari ya pawabenki ikiwemo. Wakili alisema kila kitu kiko tayari, na kwamba anachongoja ni Mwajabu amwandikie neno "endelea" kabla hajafunga ofisi.

Mwajabu alirudi nyumbani na neno lile. Hakula. Alisoma komenti, akagombana na mtu asiyemjua, akamnunia dada yake aliyempigia kumsalimu tu. Mwisho alijilaza kwenye kochi, simu kifuani, neno "endelea" likiwa limeshaandikwa bila kutumwa. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini, na katika kutojua huko usingizi ukamchukua jua likiwa bado juu.

Akajiona amesimama katika nchi ya udongo mwekundu uliolowa, mbele ya mji usio na mapaa. Mji wote ulikuwa kuta tupu, ndefu na fupi, na juu ya kila ukuta limeandikwa jina la mwenyewe kwa herufi kubwa kama milango. Watu walikuwa wakipita barabarani bila haraka, na kila aliyefika kwenye ukuta wa jirani alisimama, akaugonga kwa konzi, akatega sikio, kama mama sokoni anavyogonga chungu kabla hajatoa pesa yake. Ukuta ukiitika kwa uzito, mgongaji alitikisa kichwa kwa kuridhika akaenda zake. Ukiitika kwa sauti ya pango, alisema kwa sauti ya kusikika, "Hapa pana uwazi," na mwenye ukuta alitoka na karai la udongo akaziba, akashukuru. Hakuna aliyenuna. Mwajabu aliyetoka kwenye ulimwengu wa komenti alilitazama jambo hilo kama mtu anayemwona samaki akipanda mti.

Mwanamke mmoja akaja kutembea naye, mtu mzima, kanga zake zimefuliwa hata maua yake yamefifia, na udongo umemkauka kwenye viganja. Akajitaja kuwa Bi Staha, kazi yake kupokea wageni na kuwafundisha desturi. Mwajabu alimuuliza kama watu wa hapa hawaoni aibu kutiana dosari mbele ya umati. Walitembea kidogo, kisha Bi Staha akasema, "Mwanangu, hapa jina huliandika wewe, lakini ukuta huthibitishwa na jirani. Asiyekugongea hakuheshimu. Amekuacha uangukiwe."

Maneno hayo yalimwingia Mwajabu, ila hayakukaa, maana wakati huohuo aliuona ukuta wake. Ulikuwa mrefu kuliko zote, umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na jina Kifaa Mkononi limekwenda kutoka pembe hadi pembe. Chini ya kivuli chake walikaa watu wasiohesabika, wameuegemea kwa migongo: wauza mitumba, wanafunzi wa chuo, madereva wa bodaboda wamevua kofia zao, wazee na redio zao. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao, na aliwajua wote. Hawa ndio waliokuwa wakimwandikia asubuhi kumuuliza wanunue simu gani. Moyo wake ulijaa, na machozi yakamlenga kwa fahari.

Kisha akatokea mtu mwembamba, bisibisi sikioni, anakuja akigonga ukuta mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na sura ya Abihudi, ila iliyokomaa zaidi, kama Abihudi angekuwa kaka yake mkubwa. Bi Staha alisema huyo ndiye Kosoa, na kwamba mjini mle hakuna mtu mwenye kazi ngumu kumzidi. Kosoa akaufikia ukuta wa Mwajabu. Akagonga. Ukuta ukalia kama debe tupu, sauti ikazunguka mji mzima. Kosoa hakucheka wala hakushangilia. Alisema tu kama alivyosema kwingine, kwamba hapa pana uwazi. Wale waliouegemea wakainuka kwa hasira, wakamzomea, wakamrushia vifusi, wakisema anaona wivu kwa sababu ukuta wake ni mfupi. Mwajabu peke yake ndiye ambaye hakuzomea, kwa sababu yeye alijua ile sauti ilisema kweli.

Bi Staha akamwonyesha udongo ulikolundikwa. Alimwambia upo tele, na hakuna mtu anayechekwa kwa kuziba. Mwajabu akatazama kucha zake, akautazama umati. Akajiona ameinama mbele ya watu wote wale, mikono imejaa matope, Kosoa amesimama pembeni akimtazama. Akaona bora ardhi immeze. Na hapo, kana kwamba ameitwa, akaja bwana mmoja mrefu wa suti, paji la uso likimtoka jasho, mwenye sauti ya mtu anayekuonea huruma. Huyo alikuwa Bwana Hamaki. Alimshika Mwajabu bega, akamwambia kuwa amedhalilishwa, kwamba mtu wa hadhi yake hachezei matope, na kwamba yeye binafsi asingelala siku hiyo kama angetendewa hivyo. Akatoa mfukoni muhuri wa shaba, wa moto.

"Kwa nini uzibe ukuta," alisema, "wakati unaweza kuziba mdomo? Chochote kinachofanana na jina lako ni chako. Na kilicho chako hakisemi bila ruhusa yako."

Mwajabu alimgeukia Bi Staha, akitumaini atasema kwamba muhuri ule ni wa uongo. Bi Staha akasema, "Hakudanganyi. Muhuri huu hufanya kazi yake. Ila muulize jambo ambalo hajalitaja."

Mwajabu hakuuliza. Hebu tusimpake mafuta: hakusahau kuuliza, wala hakuchanganyikiwa. Alitaka yule mtu anyamaze. Aliutaka ukimya wake kama mtu aliyetembea jua kali anavyotaka maji. Akauchukua muhuri, akamwendea Kosoa ambaye hakukimbia, akamgandamiza nao mdomoni. Mdomo ukafutika, pakabaki ngozi laini kama ya yai, na ule mkono wa kugongea ukaanguka ubavuni. Umati ukashangilia. Bi Sifa, mwanamke wa sauti nyororo, akapita na birika akimmiminia Mwajabu kikombe juu ya kikombe, na kinywaji kile kilikuwa kitamu, na kila alivyokunywa ndivyo kiu ilivyomzidi.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Bwana Hamaki alimwonyesha mwingine mwenye jina linalokaribiana na lake, na Mwajabu akampiga muhuri. Akamwonyesha wa tatu, ambaye jina lake halikukaribiana hata kwa kulazimisha, ila aliwahi kugonga. Naye akapigwa. Waliobaki walipoona hivyo walificha mikono kwapani, wakawa wanapita katikati ya barabara wakiziogopa kuta. Ukimya ukaushukia mji. Ulikuwa ukimya mzito, wa nyumba yenye mgonjwa. Mwajabu alipogeuka alimkuta Bi Staha anajifunga kanga yake kiunoni kama mtu wa safari, akamuuliza kama anamwacha. "Mimi huishi panapogongwa," Bi Staha alijibu. "Hapa hapagongwi tena. Wewe ndiye uliyeanza kuniacha, mwanangu." Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ndipo ukuta ulipoanza kuvimba. Kwanza Mwajabu alidhani ni macho. Lakini rangi ilipasuka, na ufa ukatoa mvuke, na ule ubavu wenye jina ukajitokeza mbele kama unga wa maandazi uliozidi hamira. Aliuwekea kiganja, akakiondoa upesi, umemuunguza. Watu waliouegemea hawakuona kitu. Mzee mmoja alijisogeza akaubana mgongo wake vizuri zaidi, akimwambia mwenzake kwamba joto hili linamfaa kwa yale maumivu yake ya kiuno. Mwenzake akasema hivi ndivyo ulivyo ukuta wa mtu mwenye jina, hata baridi unakukinga.

Mwajabu akafungua kinywa awaambie waondoke. Kilichotoka kilikuwa "Kifaa Mkononi". Akashtuka, akajaribu tena, akilikaza kila neno rohoni kabla ya kulitamka: ondokeni, unawaka, ondokeni. Kikatoka tena "Kifaa Mkononi". Umati ukasikia, ukafurahi, ukalirudia jina kwa pamoja na kupiga makofi, na waliokuwa mbali wakasogea karibu. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyokuja. Alimkimbilia Bwana Hamaki, akamshika suti, akamwonyesha kinywa chake. Bwana Hamaki alikuwa anatazama saa, amekwisha kuupa ukuta kisogo.

"Uliomba jina," alisema, bila ile huruma ya mwanzo. "Umepewa lote. Maneno mengine hukuyaomba." Akajitoa mikononi mwake, akaingia barabarani, akapotea.

Alibaki Kosoa. Mwajabu alimwangukia, akaanza kumkwangua ile ngozi ya mdomoni kwa kucha zilezile alizoziogopea matope, akilia, akilitaja jina lake mwenyewe kwa kila kwikwi. Kosoa hakumsukuma. Macho yake hayakuwa na kisasi, yalikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya nafsi yake. Alimshika Mwajabu kichwa kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, akakigeuza taratibu mpaka akawatazama wale watu. Akauonyesha umati kwa kidole, kisha akamwonyesha Mwajabu mwenyewe. Mwajabu akaelewa. Hata alipokuwa na mdomo, hawakumsikiliza Kosoa. Walikuwa wamezoea kuinuka kwa sauti moja tu, yake Mwajabu, na sauti hiyo yeye mwenyewe ameifunga. Ukuta ukatoa mlio mrefu wa kitu kinachokaribia mwisho wake. Mzee wa kiuno alikuwa amesinzia, kisogo kimegusa ufa. Mwajabu akavuta pumzi yake yote, akapiga yowe, na yowe likawa jina, na jina likamwamsha.

Jua lilikuwa bado dirishani. Simu ilikuwa kifuani, ina joto la kuwekwa muda mrefu kwenye mwili, na ndani yake "endelea" bado inangoja. Juu yake kulikuwa na ujumbe wa Wakili Kaanaeli kwamba anafunga ofisi. Mwajabu aliketi, jasho likimchuruzika shingoni, akasema "ondokeni" kwa sauti, peke yake sebuleni, ili ajue kama neno linatoka. Likatoka. Akalia kwa kusikia limetoka.

Alikaa hivyo akiwaza, na ndoto ikawa inamfungukia yenyewe. Siku zote zile alidhani ugomvi ni juu ya jina ni la nani, lake au la Abihudi, na wakili mzuri na sheria nzuri zilikuwa tayari kumjibu swali hilo. Hakuwa ameuliza jina ni la kufanyia nini. Watu hawakuja kwenye blogu yake kwa sababu ya herufi. Walikuja kupumzisha migongo. Alikumbuka komenti za watu waliosema wamenunua Nguvuna kwa neno lake, mmoja kanunua mbili, moja ya mama yake, naye akawajibu kwa vialama vya mioyo. Watu hao walikuwa wameisoma habari ya saruji, wakaitupa, kwa sababu hakuisema yeye. Na sasa alikuwa anataka hata ile habari waliyoitupa isiwepo tena.

Alimpigia wakili, akamwambia asiendelee. Wakili Kaanaeli akamkumbusha kwa upole kwamba kesi hii ni ya kushinda, na kwamba jina lililosajiliwa lisipolindwa huishia kuwa la kila mtu. Mwajabu alisema anajua. Wakili akataka sababu ya kuandika kwenye faili.

"Andika kwamba alichosema ni kweli."

"Dada Mwajabu, hilo sheria ya alama za biashara haiulizi."

"Ndiyo maana naacha, wakili. Haiulizi."

Kumpigia Abihudi kulikuwa kugumu zaidi. Alipokea kwa kusema tu kwamba anasikiliza. Mwajabu alimweleza, kwa sauti isiyokuwa yake, kwamba anakwenda kuandika kuwa hakuifungua ile pawabenki.

"Kwa nini?" Abihudi aliuliza. "Wakili wako ameshindwa?"

"Alikuwa ameshinda."

Abihudi alipumua. Kisha alisema jambo ambalo Mwajabu hakulitegemea, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajasamehe wala hana haraka ya kusamehe. "Basi usianze na mimi, dada. Mambo yangu yaache chini huko. Anza na watu. Waambie waitoe kwenye chaji sasa hivi, waiweke nje mbali na nyumba, wasiitoboe. Na jina langu sikuliiba kwako."

"Hilo tutagombana kesho," alisema Mwajabu.

Akaandika. Hakupamba. Aliandika kwamba Nguvuna hakuifungua, kwamba alidanganya, kwamba ina saruji ndani na inavimba, na kwamba kila aliyeinunua kwa neno lake aitoe kwenye chaji kabla hajamaliza kusoma. Akaichapisha, akakaa kuipokea adhabu yake. Haikuchelewa. Wengine walisema blogu imedukuliwa. Wengine walisema amehongwa na Abihudi. Wengi zaidi walimwita mwongo, na hao hawakukosea. Jina alilolijenga kwa miaka lilikuwa likibomoka mbele ya macho yake, komenti moja baada ya nyingine, na iliuma, iliuma kweli. Lakini hakuizima simu. Aliona kwamba akishindwa hata kusoma, basi hajaamka.

Katikati ya matusi akaandika mama mmoja wa Kilosa, ambaye hakuwahi kuandika chochote hapo kabla. Alisema pawabenki yake ilikuwa kwenye chaji chini ya mto wa mwanawe, na mtoto amelala. Ameitoa, imevimba, ni ya moto, ameitupa uani. Kisha akaongeza: "Yule kaka alisema juzi. Nilisoma, nikamtukana. Nilikuwa nasubiri useme wewe."